Kumtafutia Salma Shule

Jumatatu, 13 Januari

Ameniuma tena. Mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Sweta ya shule ndiyo iliyoleta vita leo. Mke wangu Mariamu alishika miguu, mimi nikapitisha kichwa, akanipata. Sikupiga kelele. Nikipiga kelele anauma zaidi. Nilingoja meno yaachie yenyewe.

Salma ana miaka kumi na mmoja. Haongei. Akikasirika ana nguvu za mtu mzima.

Nilimfikisha shuleni damu ikipenya kwenye kitambaa. Mwalimu mkuu ananingoja getini. "Baba Salma, mimi sina mwalimu wa mtoto kama huyu. Mpeleke afanyiwe tathmini, mniletee barua. Ama akae nyumbani." Alisema hivyo mbele ya mtoto. Wanadhani asiyeongea hasikii.

Nikaenda buchari, nikakata mbavu za ng'ombe hadi adhuhuri. Kazi nzuri kwa mtu mwenye hasira.

Jumatano, 15 Januari

Kituo cha tathmini ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za elimu. Kimefungwa. Karani akasema afisa ni mmoja tu, Madam Kendi, na wiki hii yuko Timau, kwa watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Nirudi mwezi wa pili. Nikauliza, na hadi mwezi wa pili tufanye nini? Akasema tuvumilie. Nilitaka kumgonga kichwa kwenye ile meza yake.

Mwalimu mkuu amekubali Salma abaki darasani hadi siku hiyo. Shingo upande.

Jumanne, 21 Januari

Salma amemvunja jino msichana wa darasa lake. Walikuwa kwenye foleni ya uji. Msichana alimsukuma kwa nyuma, Salma akageuka na kikombe cha bati.

Baba yake msichana ni Muthomi, ananunua miraa Mikinduri na kuileta hapa mjini. Alikuja buchari saa ya wateja na wanaume wawili. "Wewe ndio baba ya ule mwendawazimu?"

Nilikuwa na kisu cha kuchunia mkononi. Nikakitupa nyuma ya friji. Kisha nikampiga ngumi ya mdomo. Nilitaka na yeye atoke jino. Halikutoka. Wale wawili walinilaza chini, Muthomi akanipiga mateke ya mbavu hadi akachoka. Wamevunja kioo cha mbele. Nyama ilimwagika barabarani, mbwa wakala. Majirani walisimama wakatazama. Watu ninaowakatia nyama kila Idi.

Jumatano, 22 Januari

Ubavu umepasuka. Kupumua ni kazi. Mariamu anasema nimshukuru Mungu nilikitupa kisu. Sishukuru. Siku nzima nimekifikiria kile kisu.

Ijumaa, 31 Januari

Mariamu alikuwa akimwogesha Salma. Akaniita. Sauti haikuwa yake.

Mgongo una mistari. Mingine myekundu, mingine imeanza kuwa ya kijani. Ni mpira wa maji. Naijua hiyo alama, na sisi tulipigwa nao. Vifundo vya mikono vimechubuka. Amefungwa kwa kitu.

Tukamuuliza, nani? Tunamuuliza mtoto asiyeongea. Akaanza kujigonga kichwa ukutani. Tukaacha.

Mariamu alipiga picha kwa simu. Picha nyingi, kila upande. Nilimkasirikia. Nilimwambia mgongo wa mtoto si wa kupiga picha. Akaendelea kupiga.

Jumatatu, 3 Februari

Nimempiga mwalimu.

Nilimwacha Salma shuleni, nikajifanya nimeondoka. Somo la pili nikarudi, nikapitia upande wa jikoni. Nikachungulia dirishani.

Bwana Gitonga, naibu wa mwalimu mkuu. Amemfunga Salma kwenye mguu wa dawati kwa sweta yake mwenyewe. Anafundisha hesabu. Kila Salma akitoa sauti, anamchapa kwa kipande cha mpira bila hata kumtazama, kama mtu anayefukuza nzi. Darasa limezoea. Hakuna mtoto aliyegeuka.

Mlango sikumbuki. Nakumbuka pua yake ikivunjika chini ya ngumi yangu. Nakumbuka nilifurahi. Nilimpiga kwa mpira wake mpaka ukaniteleza mkononi. Watoto walikuwa wakilia. Walimu wakanivuta.

Nikapiga magoti kumfungua Salma. Akaniuma shavu. Akanishika masikio, akanigonga kichwa sakafuni. Mimi, si Gitonga. Alikuwa ameona mtu mmoja akipiga watu kama mnyama, na mtu huyo alikuwa babake.

Polisi walinikuta nimekaa sakafuni.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka kwa dhamana.

Kwanza tulikalishwa ofisini kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Mwalimu mkuu, Gitonga na bandeji usoni, mimi na Mariamu. Mwalimu mkuu aliongea kwa upole kabisa. "Tumalize haya maneno kama majirani. Mwalimu aondoe malalamiko yake, nanyi mtoe msichana wenu shuleni polepole. Mambo ya korti ya nini?"

OCS aliona ni sawa. Mimi pia. Nimekaa seli na ubavu huu, nilitaka kwenda kwangu. Nilikuwa nishaanza kutikisa kichwa kukubali.

Mariamu akaweka simu mezani, zile picha zikiwa wazi. Juu yake akaweka P3, ile fomu ya polisi ambamo daktari huandika majeraha. Mimi nikiwa ndani, yeye alimpeleka Salma hospitali.

"Andikeni kesi zote mbili," akasema. "Ya mwalimu na ya mume wangu."

"Mama, unaelewa bwana yako anaweza fungwa?" OCS akauliza.

"Naelewa. Na mwalimu pia."

Gitonga akasema alikuwa anamfunga ndio asiumize wengine. Aliniangalia mimi akisema hivyo. Alitaka nimwelewe. Kibaya ni kwamba nilimwelewa kidogo. Hata mimi nimewahi kumshika Salma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

OCS akaniuliza nasemaje. Nilimtazama Mariamu, nikamchukia. Kweli nilimchukia. Halafu nikasema, andikeni.

Jumanne, 11 Februari

Madam Kendi. Mwanamke mfupi, mvi mbele, viatu vya kutembelea. Hakuanza na maswali. Alikaa sakafuni mbali na Salma, akamtazama tu, asubuhi nzima. Nikadhani anatupotezea wakati.

Kisha akapita nyuma ya Salma kuchukua vibao vya kuchezea. Salma akaruka, akamzaba kofi. Miwani ikavunjika. Niliinuka nimkamate.

"Kaa, Baba Salma." Akaokota vipande. Shavu lilikuwa jekundu. "Huwa mnamvalisha mkiwa upande gani?"

"Nyuma. Asituume."

"Na shuleni wanamshika wapi?"

Alijua.

"Mje mbele. Aone mikono yenu kabla haijamfikia. Mwende polepole hata kama mmechelewa."

Miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyetuambia.

Jioni nimejaribu na gauni la kulalia. Nikakaa mbele, nikanyoosha mikono aione. Alinipiga. Mara moja tu, na si kwa nguvu. Nikatoka nje nikalia karibu na pipa la maji.

Barua imeandikwa. Lakini darasa maalum la hapa karibu limejaa. Nafasi iliyopo ni shule ya bweni, Embu, kule chini kwenye joto.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeenda Embu peke yangu. Nilienda kutafuta kosa. Nililitaka sana.

Vumbi, mabati, mbuzi wa jirani. Harufu ya mkojo kwenye bweni. Mtoto mmoja analia pembeni, mwingine anazunguka nguzo. Nikajiambia basi, hapa haji.

Matroni anaitwa Mama Igoki, ni wa hukohuko kwa Wambeere. Nikamuuliza waziwazi: mnawapiga?

Akakunja mikono ya blauzi. Alama za meno hadi kwenye viwiko, za zamani na za juzi. Kama zangu. Sijawahi kuona mikono kama yangu kwa mtu mwingine.

"Kulikuwa na mmoja alikuwa anawapiga," akasema. "Tulimfukuza. Siwezi kukuahidi hakuna siku mtu atakosea. Wewe kuja siku yoyote, usiniambie unakuja. Hii geti hatufungii mzazi."

Angeniahidi kwamba hakuna shida, ningeondoka.

Jumanne, 25 Februari

Tumempeleka.

Getini alijua. Alimshika Mariamu nywele, mtandio ukapasuka. Akampiga usoni, mdomo ukatoa damu. Mama Igoki alikuja mbele, mikono wazi, polepole, akapigwa teke la tumbo, akaja tena polepole. Ilichukua muda mrefu sana. Tuliambiwa tuondoke bila yeye kutuona. Tukakataa. Tuliondoka akitutazama, na kilio chake kilitufuata hadi barabarani.

Gari tuliazima kwa ndugu yake Mariamu. Kabla ya Runyenjes Mariamu akaniambia nisimamishe. Akanipiga. Kwa ngumi, kifuani, begani, kwenye ubavu uleule. Sikujikinga. Alipochoka akajifunga mtandio uliopasuka, akasema, "Endesha."

Jumatano, 26 Februari

Nyumba ni kimya. Nimelala usingizi mzito kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Nimeamka nikijichukia kwa hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Korti. Kesi zote mbili zimesongezwa mbele. Gitonga amehamishiwa shule nyingine, bado anafundisha. Pua imekaa upande. Tulipitana kwenye ngazi. Mkono wangu ulijikunja wenyewe. Nikauweka mfukoni, nikapita.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeenda Embu bila kusema. Geti lilikuwa wazi.

Saa ya mapumziko. Watoto wamelala kwenye mikeka, kwenye veranda, upande wenye upepo. Salma alikuwa wa tatu kutoka ukutani. Mdomo wazi, mkono mmoja juu ya mguu wa mwenzake. Kwetu hakuwahi kulala mchana.

Mama Igoki akauliza kama atuamshie. Mariamu akasema hapana.

Tulikuwa tumembebea pilau. Sisi tumefunga Ramadhani, tukaiacha jikoni apewe jioni. Kisha tukakaa kwenye benchi. Mbuzi walipita nje ya ua, kengele ya mmoja ikalia.

Kuna wakati Salma alifungua macho. Sijui kama alituona. Akageukia upande wa pili, akaendelea kulala.