Jina Ulilokwenda Nalo Bama

Baba,

Nimechoka. Nianze na hilo, usije ukadhani nakuandikia kwa kuwa nina nguvu. Leo nimetoka shule saa kumi, nikapitia shambani kumsaidia Mama kuchuma chai, tukabeba vikapu mpaka kituo cha majani. Karani akasema majani yetu yamekomaa mno, tuyachambue upya. Tukainama pale chini tukachambua mpaka mgongo ukakataa. Sasa Mama yuko jikoni, nami nimekaa kwenye kiti chako. Madaftari ya Darasa la Nne yananingoja, na yangoje.

Nakuandikia kwa Kiswahili, vile tulivyozoea. Hapa kila kitu ni Ekegusii, hata kuku wanafukuzwa kwa Ekegusii, lakini mimi na wewe tulikuwa na Kiswahili chetu, kile ulichokiokota jeshini, cha amri tupu. "Simama hapo. Leta maji. Haya, pumzika." Nilipofika chuo cha ualimu walinicheka, eti nazungumza kama koplo. Sikujali hata kidogo, maana nilijua nimekipata wapi.

Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike. Ule mgomba wa karibu na choo umeanguka kwa mvua. Mama bado anapika ugali wa watu watatu, halafu anashangaa kwa nini unabaki. Haya ni madogo. Kubwa ni la jina lako, na hilo ndilo limenichosha kuliko chai.

Lilianzia kwenye mazishi yako. Mzee Abdalla, mwenzako wa vitani kule Bama, yule fundi cherehani wa Kisii mjini, alikuja na kanzu yake nyeupe na sukari kwenye mfuko. Wote walikuwa wamesema kwa Ekegusii. Yeye akasimama kando ya kaburi akasema kwa Kiswahili, "Ondieki alinibeba mgongoni siku mbili. Leo Ondieki amelala, Mungu amrehemu." Na Baba Mkubwa Ondieki, kaka yako wa tumbo moja, amekaa pale kwenye kiti na koti lake, mzima. Waliojua Kiswahili walishika vinywa. Wasiojua waliwauliza waliojua, na neno likazunguka uwanja mzima. Unajua mwenyewe kwetu kumtaja mtu aliye hai kando ya kaburi lililo wazi ni kumwitia kifo. Baba Mkubwa aliinuka, akaenda nyuma ya migomba, hakurudi mpaka tulipomaliza kufukia. Watu wakasema mzee wa mjini amechanganyikiwa na huzuni.

Mimi nilijua hakuchanganyikiwa. Ulikuwa umeniambia mwenyewe, ile likizo yangu ya kwanza ya chuo, ukinoa panga. Chifu wa wakati wa Mwingereza alitaka kijana mmoja wa kwenda vitani kutoka kila boma. Babu Getange akatoa jina la Ondieki, kwa sababu ndiye kifungua mimba. Asubuhi askari walipokuja, Ondieki alikuwa ameshatorokea kwa wajomba zenu Kenyenya. Wakaliita jina lake mara tatu. Wakasema wasipompata watamfunga mzee. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa zizi, hata ndevu huna. Ukaitika, "Mimi hapa." Basi ukawa Ondieki miaka yote ya vita. Kitabu chako cha kuachishwa jeshi ni cha Ondieki Getange. Karatasi iliyokuja na nishani ni ya Ondieki Getange. Kijiji kizima kilijua Makori alikwenda vitani, lakini hakuna aliyejua alikwenda badala ya nani. Ulipomaliza kunihadithia ulijaribu panga kwa kidole ukasema, "Usimvue ndugu yangu nguo." Nikakuahidi.

Nilishika ahadi, Baba. Ningeishika mpaka leo, lakini chifu aliitisha baraza. Akasema kutajengwa bamba la saruji pale kwenye kambi ya chifu, liandikwe majina ya watu wa upande wetu waliokwenda vitani na sasa wamekufa, ili watoto wajue. Kila familia ilete karatasi. Mama alifungua sanduku lako, akakifuta kile kitabu kwa leso, akanipa. Hukuacha mtoto wa kiume, basi aliyekwenda ni mimi, mwanamke peke yangu kwenye foleni ya wanaume.

Karani wa chifu ni kijana wa Keumbu, mgeni kwetu. Akafungua, akaandika Ondieki. Nikamwambia hilo si jina la baba yangu. Akauliza kitabu ni cha nani. Nikasema cha baba yangu. Akauliza baba yako anaitwa nani. Nikasema Makori. Alinitazama kama mtu aliyeshika mwizi, akasema serikali inasoma karatasi, haisomi midomo. Chifu si mtu mbaya, alinisikiliza. Lakini naye akasema kama jina ni la mtu mwingine, na mtu huyo yupo, basi aje aeleze mbele ya watu limefikaje huko. Asipokuja, litaandikwa kama lilivyo kwenye karatasi. Nikamwambia basi lisiandikwe kabisa. Akasema, "Mwalimu, huyu alipigana. Siwezi kumwacha nje."

Nikaenda Kisii kumtafuta Mzee Abdalla awe shahidi. Kifua kinamsumbua lakini alikuja; siri sikumwambia, nilimwomba tu aeleze anavyokujua. Alieleza vizuri kweli, karani akaacha kuandika ili asikie. Alieleza kovu la shavu la mguu wako, na namna ulivyokuwa unacheka kwa pua, na mto mliouvuka mkishikana mikanda. Halafu karani akamuuliza, mtu huyu jina lake nani? Mzee akajibu kwa sauti kubwa, "Ondieki."

Ee Baba. Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya ofisi, kwenye mahindi, nikalia. Shahidi uliyekuwa naye dunia nzima ni mmoja, naye anakujua kwa jina lisilo lako.

Ikabaki Baba Mkubwa. Unajua alivyo sasa, mzee wa kanisa, ndiye hutangaza wimbo kila Sabato na mwavuli umening'inia mkononi. Mara ya kwanza nilimwambia tu kwamba kuna kosa kwenye kitabu, atusaidie kulirekebisha. Akasema aliyekufa hana haja ya saruji. Mara ya pili alisema jina lake lisiguse jiwe la wafu, atakufa mwaka huu huu, na hilo sikuweza kumlaumu. Mara ya tatu alimtuma mkewe aseme hayupo, na viatu vyake viko mlangoni.

Mama aliniambia niache. Alisema wewe mwenyewe hukuuliza chochote ulipokuwa hai. Nikaacha. Wallahi niliacha, kama anavyosema Mzee Abdalla. Lakini Sabato moja baada ya ibada nikamkuta Mama anapiga brashi koti lako, lile la kijani, na hakuna wa kulivaa. Akaniuliza siku ya kuandika majina familia itasimama upande gani. Nikavaa viatu nikarudi kwa Baba Mkubwa.

Hapo ndipo nilipolivunja neno lako. Nilimwambia najua alikuwa Kenyenya. Aliweka kikombe chini polepole. Akauliza kama ni wewe uliyeniambia. Nikasema ndiyo, na nikasema pia ulinikataza nisimvue nguo. Mimi na mdomo wangu, unanijua, nikaongeza, "Yeye aliitika kwa ajili yako na hakukudai hata siku moja. Anayedai ni mimi." Akaniambia niende nyumbani. Njiani nilijiona mtu mbaya, na bado siku nyingine najiona hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Watoto wangu wa shule waliimba, wakasahau ubeti wa pili. D.O., mkuu wa tarafa, alikuja, mtu wa Pwani, anapepea uso kwa karatasi ya hotuba. Fundi alikuwa amelipiga bamba plasta asubuhi hiyo hiyo, na mpango ulikuwa kwamba karani anasoma jina, familia inasimama, na fundi anaandika kwa msumari kwenye saruji mbichi huku wote wakiona. Wingu lilikuwa limeshajaa upande wa Manga, fundi akawa anaharakisha. Yalisomwa majina matatu, na watu wa kila nyumba walisimama wakalia kidogo wakakaa.

Halafu karani akasoma, "Ondieki Getange."

Mama alinishika mkono, kucha zikaingia. Hakuna mtu wetu aliyesimama. Tungesimamaje? Fundi akaandika, herufi moja moja, akamaliza. Wazee wakaanza kunong'onezana, maana Ondieki wanamjua, walimwona kanisani jana yake. Nilitaka ardhi inimeze.

Akatokea nyuma, Baba. Bila kofia, bila mwavuli, bila mkewe. Watu wakampisha. Alifika mbele, akamtazama D.O., akatutazama sisi. Akasema, "Huyu mnayemwandika ni mimi, na sijafa. Aliyekwenda Bama ni Makori. Niliitwa, nikakimbia. Mdogo wangu akaitika." Alisema kwa Ekegusii. Halafu akarudia yote kwa Kiswahili kwa ajili ya D.O., na hakuna mtu aliyemwomba arudie.

Kisha akapiga magoti mbele ya lile bamba na kulifuta jina lake kwa kiganja. Alifuta polepole, kama mtu anayesiriba ukuta. Fundi alimtazama chifu, chifu akaitikia kwa kichwa, na fundi akaandika MAKORI GETANGE mahali pale pale palipofutwa. Mama alisimama. Nami nikasimama. Nikasikia Mzee Abdalla nyuma yangu anauliza watu, "Makori ndiye nani?" na mtu akamweleza, naye akawa analirudia hilo jina, analizoesha mdomo. Mvua ikaanza kabla ya jina la mwisho. Wakalifunika bamba kwa majani ya mgomba, tukakimbilia baraza la ofisi wote, D.O. na sisi, tukabanana pale tukinuka makoti mabichi.

Sasa nikwambie iliyobaki, maana sitaki kukudanganya. Kanisa limemwambia Baba Mkubwa akae benchi la nyuma kwanza. Sokoni Nyaramba vijana wanamwita "Kenyenya," naye anapita kama hasikii. Wanawe hawanisalimu. Mkewe alikuja hapa akaniambia nimewavunjia nyumba, nami sina hakika kwamba anasema uongo. Ulinikataza jambo moja tu maishani mwako na ndilo nililofanya. Kama umenikasirikia, ni haki yako.

Lakini yeye mwenyewe huja. Hupita jioni akitoka kwenye chai yake, hukaa kwenye kile kiti cha pili, hapa karibu yangu. Juzi alisema, "Sasa nimechoka kidogo. Zamani nilikuwa nimechoka sana." Mama akamletea uji, akaunywa wote.

Nakuahidi hivi. Wanawe wakimwacha, mimi sitamwacha. Akiugua nitamuuguza, na siku yake ikifika nitasimama pale uwanjani mbele ya watu wote niseme alichofanya Jumapili ile, kabla mtu mwingine hajatangulia kusema alichofanya ujanani. Wakinikataza kwa kuwa ni mwanamke, nitasema hivyo hivyo.

Mama anaita chakula. Nikuage. Kwetu mtoto hamwiti baba yake kwa jina, ni utovu wa adabu, nami sijawahi. Nisamehe mara hii moja, maana uliitwa jina la mwingine na majemadari, na Wazungu, na hata rafiki aliyekupenda, mpaka kwenye kaburi lako.

Lala salama, Makori.

Binti yako,
Kerubo