Wajumbe wa Kwenda Polisi

Guangzhou, China, Alhamisi, 2009

Jirani yangu Zarmina aliniambia juzi, nikamcheka. Tulikuwa tunakula tambi chumbani kwake, televisheni ikionyesha wakubwa wa kwao Afghanistan wakijadili amani, ndevu upande huu na ndevu upande ule. Akasema, "Dada, wanaume wakitaka kupatana, cha kwanza wanachotoa ni chetu sisi wanawake. Ndiyo maana hawatuiti."

Leo nimeyaona kwetu. Polisi wanakamata wasio na visa pale soko la Zhanxi kila siku, basi Watanzania tukakutana mgahawani kuchagua wajumbe wa kuzungumza nao. Wakachaguliwa wanaume watatu. Wanawake tukachaguliwa kumimina chai.

Mwenyekiti akasema, "Tuwaahidi polisi kwamba tutawataja wote ambao visa zao zimekwisha, ili sisi wengine tuachwe tufanye biashara."

Nikaliweka birika mezani. Visa yangu ilikwisha mwezi uliopita, na anayejua ni Zarmina tu.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mwenyekiti, mbona hakuna mjumbe mwanamke?"

Akacheka. "Haya, dada, nenda wewe. Kesho asubuhi, na pasipoti yako."

Wakapiga makofi. Nikasema ahsante.

Nikijitoa, watauliza kwa nini, kisha watanitaja. Nikienda, angalau nitasema neno kabla ya kushikwa, na polisi nitawapunguzia kazi ya kunitafuta.

Naogopa.

Zarmina anapiga pasi gauni langu la kesho. Ilikuwa zamu yake kunicheka, lakini hacheki.