Mama mkwe na daraja la paa

Jumatano. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini jua nalo limekataa kutoka. Nimeshinda nimenuna.

Wiki hii yote nimekuwa namchunga mama mkwe wangu, Bi Somoe. Akishaswali alasiri anajitanda kanga, anabeba hotpoti, anashika njia ya daraja la zamani. Anasema anampelekea chakula Bi Zuhura, eti anaumwa.

Juzi nimemkuta Bi Zuhura kliniki, kampeleka mjukuu kuchanjwa. Mzima kabisa, anacheka.

Kwa hiyo mama ananidanganya.

Niseme ukweli, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua. Nina mimba changa. Mbili zilizotangulia ziliharibika. Mimi ni mtu wa Njombe, nimeolewa huku Mtwara, Kimakonde sikijui. Mama na majirani wakishusha sauti nikipita, najua nasemwa mimi. Nikaanza kuwaza mambo ya waganga. Nikaacha kula chakula alichopika, nasingizia kichefuchefu.

Leo nimemfuata.

Daraja lile ni la enzi za mashamba ya mkonge. Ni la mbao, limezibwa ubavuni na kuezekwa kama nyumba, mizigo isilowe. Tangu lijengwe la zege kule barabarani, wamebaki kulitumia popo. Ndani giza, na harufu inakaba. Nimesimama mlangoni nikasikia sauti mbili, zote za wanawake.

Mama alikuwa amepiga magoti, anamwosha mguu mwanamke aliyekaa kwenye mkeka. Mguu umevimba, una kidonda kibichi.

“Mama, huyu nani?”

Ameshtuka mpaka kitambaa kikamponyoka. “Mdogo wangu. Tumbo moja. Katoka ng’ambo ya Ruvuma, nyumba yao imechomwa.”

Tangu niolewe naambiwa mama kazaliwa peke yake. Na hawa wawili hawafanani hata kidogo.

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Ungemwambia mumeo.”

Mume wangu, Issa, ni afisa mpakani. Kazi yake ndiyo hiyo, kuwauliza watu karatasi zao.

“Akimficha, kazi hana,” mama akasema. “Akimrudisha, kamrudisha mama yake mdogo kwenye moto. Mwanangu nimtwishe mzigo huo?”

Kumbe siku zote nilizokuwa namchunga, na yeye alikuwa ananichunga mimi.

Mwanamke yule alikuwa anatetemeka kwa homa. Nikainama nikamshika upande mmoja, mama upande wa pili, tukamleta nyumbani kwa kupita mikoroshoni tusionekane. Nimempa dawa ya maumivu, nimemlaza chumba cha uani. Kabla hajasinzia ameniwekea mkono tumboni, akanikazia macho, akasema maneno mawili matatu kwa Kimakonde.

“Kasema nini?” nikamuuliza mama.

“Kashukuru tu.”

Sidhani. Mtu akishukuru hatazami hivyo.

Bado sijui kama kweli ni ndugu. Sijui kwa nini Issa mwenyewe hajawahi kuambiwa kuwa ana mama mdogo. Nikiuliza, mama anaanza kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Jioni Issa amepiga simu. Ijumaa anarudi.

“Nyumbani vipi, kuna jipya?”

Mama alikuwa mlangoni, ananitazama.

“Hakuna,” nimemjibu. “Salama tu.”