Boneti ya Buluu Inayotoka Malengelenge

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na ukiona swali langu linafaa gereji kuliko gazeti, tafadhali usiliweke kando kabla hujafika mwisho.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, naishi Ruiru, na kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi Thika katika karakana ya kupaka chuma rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu, ikakishika chuma kwa nguvu ya umeme, kisha ikayeyushwa ndani ya oveni mpaka ikawa kama ngozi yake, na katika miaka hiyo nimepaka madirisha na viti vya watu ambao siwajui, hadi mwaka jana nilipojinunulia gari moja, Peugeot 404 kuukuu, ambayo injini yake ni nzima, breki ni nzima, magurudumu ni mazuri, na milango na madigadi nimeshavipaka rangi ya buluu mimi mwenyewe vikatoka safi kama sahani, lakini boneti imenishinda.

Nilizaliwa kwenye shamba la mlowezi upande wa Kitale, baba alikuwa mkamuaji, na mwaka wa 1963 shamba liliuzwa, wafanyakazi wakaambiwa wawe wameondoka mwezi ukiisha, na wiki hiyohiyo ya kuhama mama akafariki, akazikwa haraka kando ya mikaratusi, bila jiwe wala msalaba, na mimi sikuwepo kwa sababu nilikuwa nimetangulia huku Thika kutafuta kibarua. Aliyekuwepo, ambaye bado yu hai, ni dada yangu Nelima, aliyeolewa Kimilili, na yeye peke yake ndiye anayeweza kusimama pale akasema, ni hapa. Kutoka barabara ya basi hadi kwenye ile mikaratusi ni mwendo mrefu na miguu yake haimudu, kwa hiyo nilimwahidi kwamba nitakuja na gari langu mwenyewe, la buluu, nimchukue twende.

Sasa Nelima ana presha ya macho. Daktari amemwambia kile kilichokwisha kupotea hakirudi, na anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kila barua yake inakuja na herufi kubwa kuliko iliyotangulia, hata hii ya mwisho ya mwezi Agosti ilikuwa na maneno manane tu yaliyojaza ukurasa mzima: “Kaka, njoo nikuone ningali naona. Nikuonyeshe mama pia.”

Na boneti nimeipaka mara tatu. Mara ya kwanza ilitoka na vishimo kama vya matone ya mvua kwenye vumbi, nikajua ni nta ya kung’arishia aliyokuwa akiipaka mwenye gari wa zamani, nikaiosha kwa dawa ya kuondoa mafuta mpaka maji yakateleza sawasawa. Mara ya pili unga haukushika kwenye ukingo uliokunjwa, nikagundua kulabu niliyoitundikia ilikuwa imevaa rangi nene ya kazi za nyuma na umeme haukupata njia ya kwenda ardhini, nikaikwangua. Mara ya tatu kila mahali palitoka vizuri isipokuwa pale palipobonyea, mwenye gari wa zamani alipogonga nguzo ya lango, ambapo tangu mara ya kwanza nilikuwa nimejaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonyeo, nikaisugua hadi mkono haukuweza kutambua mpaka wake, na hapo rangi ikavimba ikatoka malengelenge kama mara zote.

Calvince, mwenzangu wa kazi, aliitazama akasema, “Mzee, hii yako ni tetekuwanga. Itenge, isije ikaambukiza madirisha ya watu.” Na Ngendo, mwenye karakana, mama mwenye subira, aniitaye babu kwa Kikuyu, akaniambia, “Guka, mara tatu umeniletea mgonjwa kwenye oveni yangu. Ya nne utaniletea maiti?”

Mshauri, hili la mwisho naliandika kwa aibu. Nelima nimemwandikia mara tatu kwamba gari bado liko kwa fundi, bila kumwambia kwamba fundi ni mimi. Usiku naiona ile mikaratusi, nasikia harufu ya majani yake yakiungua, na nafsi yangu inataka kuwasha gari asubuhi hiyohiyo, lakini nikiitazama ile boneti nasema wiki ijayo. Baada ya miaka thelathini na minne nataka kufika na kitu kimoja kisicho na kasoro. Nifanye nini ili puti isitoe malengelenge, na je, nimwambie dada yangu ukweli?

Ni mimi,
Mzee Barasa, Ruiru, Septemba 1997

MSHAURI ANAJIBU:

Mzee wangu, pole kwa mama, na pole kwa dada. Nitakukemea kwa heshima ya mvi zako, lakini kukukemea lazima.

Nianze na chuma, kwa kuwa ndicho ulichouliza kwanza. Nilimpelekea barua yako fundi wa rangi ya unga ninayemfahamu. Alisoma, akaguna, akaniuliza, “Huyu mzee ana miaka kumi na minne kazini na hajui puti haiingii kwenye oveni?” Nikamwambia anajua. Puti ya kawaida ikipata joto la digrii mia mbili hutoa hewa, hewa ikakosa pa kupita chini ya rangi, ikavimba. Wewe ungemfundisha Calvince hilo kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo hukunihitaji mimi kwa habari ya puti.

Tena, kama ungetaka tu kulificha lile bonyeo, fundi yeyote wa bodi hapo Ruiru angekupulizia rangi ya kawaida juu ya puti yako, ikakauka kwa jua, nawe ungekuwa njiani siku ya pili. Hukwenda kwake. Ulichagua njia moja ambayo ulijua haifiki, ukaipita mara tatu, na kila mara ukapata wiki nyingine ya kukaa. Mzee, kuna mtu anayekuogofya kule, na nadhani ni wewe mwenyewe, vile utakavyoonekana ukishuka garini: kijana aliyetangulia kutafuta kibarua, amerudi mzee, na mama alizikwa bila yeye. Maumivu hayo nayaelewa. Lakini ukizidi kujificha nyuma ya boneti, siku moja utatoka na kukuta hakuna anayekuona.

Isome tena barua ya Nelima. Amekuomba wewe, na ameahidi mama. Boneti hakuitaja. Mwanamke anayeona kwa tundu la ufunguo ametumia ukurasa mzima kwa maneno manane, na wewe unamjibu kwa uongo wenye mihuri ya posta. Umenikasirisha hapo, na siombi radhi.

Sasa fanya hivi. Kesho choma puti yote, ukwangue mpaka chuma kitupu. Mpe fundi wa bodi nyundo na nusu siku, apanyooshe kadiri atakavyoweza, na palipobaki pabaki, usijaze kitu. Iingize boneti kwenye oveni bila unga wowote, kwa joto lililozidi kidogo lile la kupikia rangi, itoe pumzi yote iliyojificha. Ikishapoa ifute, itundike kwa kulabu safi, upulize. Hiyo ni mara ya nne na ya mwisho. Ikitoka na kasoro, ifunge hivyohivyo. Ngendo akikunyima oveni, na ana haki, ipake praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, uifunge hivyohivyo. Ijumaa hii gari litoke Ruiru, kabla mvua hazijaanza kuharibu ile njia ya shambani.

Ukweli utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo, usiupeleke kwa barua ambayo mtu mwingine atalazimika kumsomea. Beba saruji, kokoto na mbao za kumiminia jiwe la kaburi, maana ukishaonyeshwa pale hutakuwa na udhuru wa kuacha tena bila alama. Omba pia akuonyeshe karatasi zake za daktari, umwulize kama anatumia dawa ya matone kila siku, kwa sababu kilichopotea hakirudi lakini kilichobaki kinalindwa.

Na ukifika Kimilili, usianze kueleza. Fika mchana. Simama mlangoni pake upande wenye mwanga, vua kofia, msogelee mpaka aweze kukugusa, na unyamaze mpaka amalize kukutazama.