Mjomba, Jedwali Lile Sisaini

Chumba cha juu, nyumba ya mama mwenye cherehani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naitanguliza mapema, tena kwa mikono miwili, maana huyu anayekuandikia leo ana hasira na nataka heshima yako niiweke mahali salama kabla sijaanza.

Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unapanda ngazi huku umeshika ukuta na kumwambia kila anayepita kwamba unaukagua? Na mkaza mjomba, dawa zake za presha anazinywa kama alivyoandikiwa, au bado anazimeza siku anayojisikia? Mwambie nimeuliza, na kwamba nitauliza tena.

Sisi huku hatujambo. Mama ameacha kukohoa na amerudia kugombana na redio, kwa hiyo tunajua amepona kabisa. Mimi mzima, ila nimepungua kidogo. Si ugonjwa, ni ubishi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimeisoma mara tatu: ya kwanza nilicheka, ya pili nikanuna, ya tatu nikainuka nikafua nguo ambazo hata hazikuwa chafu. Unaniambia nitie sahihi ile ripoti, nisimwaibishe Mkurugenzi wangu, rafiki yako tangu mlipolala chumba kimoja chuo cha ufundi wa simu, mtu aliyenipokea hapa kwa ajili ya jina lako. Unasema ni karatasi tu. Mjomba, nakuheshimu mno, lakini sisaini ng'o.

Najua amekupigia simu akakueleza upande wake. Najua pia anavyojua kueleza. Ukimsikiliza dakika tano unajikuta unaomba radhi kwa kosa la jirani. Sasa nisikilize na mimi.

Kazi niliyopewa ni hii. Kuna zahanati thelathini, kila moja ina kompyuta yake na kadi za wagonjwa wake. Tunataka mgonjwa akiingia zahanati yoyote kadi yake ipatikane, bila kutegemea mashine kuu moja. Wewe uliyezeekea kwenye mitambo ya simu unalijua balaa lake: mtambo wa kati ukilala, mji mzima unakuwa bubu. Hapa hakuna mtambo wa kati. Kila kompyuta inapewa namba, kila kadi nayo inapewa namba, na kadi inatunzwa na kompyuta ambayo namba yake iko karibu zaidi na ya hiyo kadi, na nakala kwa majirani zake wawili. Hakuna kompyuta inayozijua nyingine zote. Kila moja inawajua majirani zake wachache na wengine wawili watatu wa mbali, basi. Ukiulizia kadi, unayemuuliza anakuelekeza kwa aliye karibu nayo kuliko yeye, na huyo anakuelekeza mbele, mpaka unafika. Hata kompyuta zikiwa elfu moja, hatua kumi hivi zinatosha. Siku nilipoielewa vizuri nilimweleza hadi mama mwenye nyumba, akaniuliza kama nimekula.

Programu za kufanya hivyo zipo, tena ni huria. Zimeandikwa na watu wasiojuana, wakaziacha wazi, yeyote azisome, azitumie, azirekebishe. Mimi nilitakiwa nilinganishe nne na kusema ipi inatufaa. Moja ilikataa hata kuamka. Nikahangaika nayo siku mbili, nikaandika "haikuamka" na kuiacha ilale. Zikabaki tatu, na miezi mitano huwezi kukaa na watu bila kuwapa majina. Wa kwanza nikamwita Mzee, kwa sababu ameandikwa zamani, anaburuta miguu, na kabla ya kujibu anakohoa kwanza. Wa pili Mwoga: kila sekunde anawauliza majirani zake kama bado wazima, mpaka njia inajaa salamu na kazi haifanyiki. Wa tatu ni Bishoo. Huyo ana kurasa nzuri, rangi nzuri, maelezo yaliyonyooka, na mbio ajabu.

Sasa fungua masikio, maana hapa ndipo kosa lilipo, na kosa ni langu. Niliandika programu ndogo ya kuwapima. Inaulizia kadi mia moja, inahesabu majibu, inapima muda. Bishoo akapata majibu tisini na tisa kwa mia, kwa kasi ya kufumba na kufumbua. Nikachora jedwali. Mkurugenzi akalipenda, akawatangazia wakuu wa zahanati kwamba Bishoo ndiye, akapigiwa makofi, na mimi nikasogezwa kiti cha mbele. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kilichonifumbua macho ni mashine ya kusugua sakafu. Kompyuta zangu za majaribio ni kumi na mbili, zimetapakaa vyumba vitatu, na tatu kati yake zinakula umeme kwenye ekstensheni moja ya koridoni. Asubuhi moja mama wa usafi alizichomoa ili achomeke mashine yake. Nikafika nikamkuta anasugua huku majaribio yanaendelea. Nikapiga kelele. Akanitazama juu mpaka chini, akaniambia hivi: "Kama kazi yako inakufa kwa sababu ya plagi, mwanangu, hiyo si kazi, ni mgonjwa." Nikaenda kwenye skrini nijionee hasara.

Hasara haikuwepo! Kompyuta tatu zimezimika, na Bishoo bado ana tisini na tisa. Tena amekuwa mwepesi kuliko jana. Hapo, Mjomba, nilivuta kiti. Mtu aliyepoteza robo ya wenzake anakimbiaje zaidi? Nikaacha jumla, nikafungua majibu moja moja. Kadi haipo. Kadi haipo. Kadi ipo. Kadi haipo. Nilihesabu thelathini na moja ambazo niliziweka kwa mkono wangu mwenyewe, na Bishoo anasema hazipo, tena kwa haraka na bila haya. Akimkuta jirani hajibu, hahangaiki kutafuta njia nyingine. Anarudi mbio na kusema haipo. Na kipimo changu mimi, msomi wako wa kiti cha mbele, kilikuwa kinahesabu "haipo" kuwa ni jibu. Jibu ni jibu. Ndivyo nilivyoandika.

Nikarudia siku nane, nikichomoa plagi kwa makusudi, huku na kule, mama wa usafi akinishauri ipi. Mwoga alisongwa na salamu zake. Mzee alichelewa, akajikwaa, akazunguka kwa majirani wa mbali, lakini alileta kadi tisini na sita, na kwa zile nne zilizobaki alisema hajui bado, aulizwe tena.

Pengine unasema, sasa haipo na hajui vina tofauti gani? Kaa kwenye kiti cha muuguzi. Akiambiwa "sijui bado," atasubiri, atamuuliza mgonjwa, atapiga simu. Akiambiwa "haipo," anafungua kadi mpya, nyeupe, isiyo na historia wala mzio, na anachukua sindano. Hiyo ndiyo karatasi tu unayoniambia nisaini.

Nilimpelekea Mkurugenzi jedwali jipya wiki mbili zilizopita. Sikumlaumu kwa lolote. Juu kabisa nimeandika kwamba jedwali la kwanza lilikosewa na mimi, kwa jina langu kamili. Akalisoma akiwa amesimama. Akasema umeme wa zahanati ni mzuri. Mjomba, cheka kwanza, nakusubiri. Akasema ameshatangaza, akasema makosa madogo yatarekebishwa tukishaanza, akasema nisiwe kama mtoto. Akataka sahihi yangu kwenye ripoti ya zamani, kwa sababu bila aliyepima ripoti haina miguu, na mkutano wa wakuu wa zahanati ni Alhamisi hii ijayo. Kisha ndipo akakupigia wewe. Mtu mzima na cheo chake, ananishitaki kwa mjomba wangu kama niliyekojoa kitandani!

Juzi Ijumaa nilimwomba dakika ishirini. Nikampeleka kwenye chumba cha majaribio, nikamwambia tuandike kadi yake yeye mwenyewe, kwa Bishoo na kwa Mzee. Akacheka, akaandika: jina, kundi la damu, na kwamba penisilini haimfai, ilishawahi kumvimbisha koo. Nikamwambia achomoe plagi yoyote anayotaka, mimi siigusi. Akachomoa moja. Bishoo akaileta kadi papo hapo. Akanitazama kwa tabasamu lile la mtu aliyekwisha kushinda, na mimi nikajua nikiumbuka hapa nimekwisha. Nikamwambia achomoe nyingine. Akachomoa ya karibu na dirisha, polepole, kama anayenifanyia hisani. Tukauliza tena. Hata pumzi hatujashusha, jibu likatoka: mtu huyu hana kadi.

Nikamuulizia kwa Mzee. Mzee akakohoa, akazunguka, sekunde zikaenda, Mkurugenzi mikono nyuma, jasho jembamba kwenye paji la uso. Sekunde kumi na moja. Kisha jina lake likatokea, na damu yake, na penisilini yake. Nilidhani nimeshinda. Unajua alisema nini? Alisema, "Mzito mno huyu." Akatoka, na mlangoni akakumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka.

Nilikaa pale nikalia, sitakuficha. Nalia nikiwa na hasira, ndivyo nilivyo, na mama wa usafi akanipa kitambaa chake cha kufutia meza, kikiwa na dawa ya sakafu, nikalia zaidi.

Mjomba, usidhani nafanya hivi kwa kuwa siogopi. Naogopa. Kazi kama hii haipo nyingine karibu, na unga ukimwagika, mimi na Mama ndio tutakaouzoa. Lakini usiniambie nina kiburi. Mwenye kiburi angeficha kosa lake, mimi langu nimelitundika ukutani. Wiki iliyopita niliwaandikia waandishi wa Bishoo, kwenye ule ukurasa wao ambapo kila mtu anaona, nikaeleza kipimo changu kilivyokosea na programu yao inavyosema uongo. Siku ya pili wakajibu. Mmoja alinikemea kwa kipimo kile, na nilistahili. Mwingine alichomoa plagi kwake huko aliko, akaona nilichokiona, akasema ni kweli, watarekebisha, ila si mwaka huu. Hawanijui, sina cheo kwao, na hakuna aliyenitishia. Waliangalia tu kama ni kweli. Nimeshangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Na sikuandika Bishoo atupwe. Nimeandika asiingie zahanati mpaka ajifunze kusema sijui. Mzee aanze, na kama ni mzito tumsaidie, milango iko wazi, hata mimi naweza kumrekebisha. Hilo nalo Mkurugenzi hakulisoma, lipo ukurasa wa pili.

Najua utakachofanya ukimaliza kusoma hapa. Utavaa miwani, utatafuta simu usiyoipenda, utampigia rafiki yako umwombe anihurumie, halafu utaniandikia unisihi nitulie mpaka Alhamisi ipite. Usijisumbue, Mjomba wangu. Jana saa nne asubuhi dereva wa gari la dawa alianza mzunguko wake wa zahanati zote. Nilimpa bahasha thelathini. Kila moja ina jedwali la kwanza, jedwali la pili, na ukurasa mmoja wa kumweleza mkuu wa zahanati achomoe plagi gani na aulize nini pale mkutanoni kabla hajanyoosha mkono kukubali. Kufikia kesho jioni atakuwa amezimaliza. Kila jedwali la pili nimelisaini, yote thelathini, mpaka kidole kikafanya sugu. La thelathini na moja ni hili nililokukunjia humu ndani. Kwa hiyo usiniulize tena kama nitasaini. Nimeshasaini.

Wasalimie wote hapo: mkaza mjomba kwanza, binamu yangu fundi cherehani na mumewe, na pacha wao ambao sasa nasikia wanagombania nani kamtangulia nani. Mama anakusalimu na anasema, kwa maneno yake, kwamba mimi nimefanana na wewe na ndiyo maana hatalala. Mungu akulinde, akutulizie goti, akupe moyo wa kunikasirikia kwa muda mfupi tu.

Anayekupenda, ukikubali na ukikataa,
Mpwa wako.