Mtambo Uliovimbiwa Didia

Shikamoo Bibi,

Nipo Didia, natengeneza mtambo wa gesi ya samadi wa mwenyeji wangu, Mama Masanja. Moto ulikuwa umefifia. Kumbe aliposikia mgeni anakuja, aliujaza mtambo viporo vya ugali, eti nao ushibe! Nikamweleza kwamba vijidudu vya mle ndani hula kwa mwendo wao. Ukiwazidishia, chakula kinachacha na gesi inakatika.

“Kwa hiyo tuunyime chakula?” akauliza, akinitazama kama unavyonitazama wewe nikisema nimeshiba. Kisha akanipakulia tena michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa kwa karanga.

Sasa mtambo unashinda njaa, na sehemu yake yote naletewa mimi. Nikirudi na mashavu, Bibi, ujue nilikuwa kazini.

Mjukuu wako akupendaye,
Neema