Baba, Uwanja Umebaki Wazi

Baba,

Ule uwanja wa nyuma ya maduka, pale Dagoretti Corner, haukugeuzwa maegesho ya magari kama kaunti ilivyotaka. Nimeanza na hilo kwa sababu ulituacha mambo yakiwa bado hayajaamuliwa, na wewe hukupenda kuacha hadithi katikati.

Otieno, msaidizi wako, bado ananyoa palepale, na kiti chako ndicho anachotumia. Anasema kuna wateja wanaomwambia, "Ninyoe vile mzee alikuwa ananyoa," naye hukubali shingo upande, maana aliamini siku zote kwamba mtindo wako ulikuwa mmoja tu.

Nakumbuka mlivyokitoa kile kiti nje. Korona ilikuwa imeingia, na watu waliogopa kichumba chako kisicho na dirisha. Mkakibeba mpaka uwanjani, na kwa kuwa huko hakukuwa na stima, ukanunua paneli ya sola na betri ya kuendeshea mashine. Mama alinipigia simu kutoka Kinoo akisema umepagawa. Mimi nilikuwa ndio naanza utafiti wangu wa uzamivu kuhusu sehemu za wazi mjini, chuo kimefungwa, sina pa kwenda. Nikavaa barakoa, nikaja kukaa nawe.

Watu walikuja kunyolewa, wakabaki. Mmoja alikuwa na upara kabisa. Alikaa kwenye jiwe lake, mwenzake kwenye lake mbali kidogo, wakaongea kwa sauti kubwa hadi saa za kafyu zikawafukuza. Kina mama wa mboga wakasogea, wakaomba kuchaji simu kwenye betri yako. Ukanung'unika, ukawachajia.

Nilipokwambia kwamba hayo ndiyo nitakayoandika, janga na nishati ya jua na mahali pa watu kukaa, ulisimamisha mashine.

"Mami," ukasema, ukiniita hivyo kama kawaida kwa kuwa nina jina la mama yako, "yaani watakupatia digrii juu ya watu kunyolewa?"

Mteja alicheka mpaka ukamwambia atulie, usije ukamkata sikio.

Basi wamenipa, Baba. Niliitetea tasnifu miezi michache baada ya kukuzika. Mtahini mmoja aliuliza kama watu hawakurudi ndani ugonjwa ulipopungua. Nikamjibu kwamba walirudi, ila jioni bado wanatoka. Nilikawia mara moja tu, kwenye picha yako ukiwa umeinama juu ya kichwa cha mtu. Wakanisubiri. Nikaendelea.

Otieno aliposikia nimefaulu, akaniita Dokta, na hajaacha. "Dokta," akasema, "si ukuje utuongelelee huko kaunti?" Tukaenda katikati ya jiji, yeye, mimi na mmoja wa wale kina mama wa mboga. Nilionyesha michoro yangu: kivuli kinapita wapi, nani hukaa wapi, nani akifukuzwa atakosa pa kwenda. Mwenyekiti wa kamati ya kaunti akauliza hao watu hasa wanafanya nini pale. Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Nikaliacha.

"Wanakaa," nikasema. "Ugonjwa ulipokuja, kukaa huko nje ndiko kulikowatunza."

Walichukua muda mrefu kuamua. Nilikonda. Lakini uwanja umebaki wa watu wote, na wameweka taa za sola na mabenchi. Mabenchi yenyewe ni ya saruji, yanaumiza mgongo. Ungeyasema kila siku. Taa ni nzuri. Giza likiingia, sukuma wiki inaendelea kuuzwa.

Nikitoka kufundisha hupitia pale, nikakaa. Wakati mwingine mashine ya Otieno ikinguruma nageuka kukutazama, halafu... Lakini siku hizi hainiumi kama mwanzoni. Sijui kama binti anapaswa kumwambia baba yake hivi: nina furaha.

Mama hajakanyaga pale tangu tukuzike. Jana alinipigia, akaongea habari za kuku, akaongea habari za mvua, kisha akasema, "Jumamosi unipeleke kwa baba yako, pale kazini."

Sikumsahihisha. Nitampeleka, Baba. Tutakaa, na nakuahidi sitamharakisha. Yeye ndiye atakayesema tuondoke.

Pumzika, Baba yangu.

Wanjiru